Ukiigusa, Inapiga

Shangazi yangu anaitwa Mama Risasi na hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Risasi yake ni ile ya mafundi, uzi laini wa rangi ya fedha unaoyeyuka kwenye ncha ya chuma cha moto na kuunga waya kwa waya. Watu wengine hunukia marashi, yeye hunukia moshi wa risasi. Siku moja askari mgeni mtaani alisimama mlangoni pake akauliza kwa sauti ya kazi, "Nimesikia humu mna risasi?"

Shangazi hakunyanyua hata macho. "Ninazo. Una redio mbovu au una maneno?"

Askari alikuwa na redio mbovu. Aliileta kesho yake bila sare.

Ndivyo alivyo. Ukimwambia kitu hakiwezekani, anatafuta bisibisi. Ujanani alikuwa mshona nguo, na angekuwa mshona nguo mpaka leo kama cherehani ya umeme ya tajiri wake isingezima katikati ya gauni la bibi harusi. Tajiri akasema isiguswe, fundi ataitwa. Shangazi akaigusa. Jioni gauni lilikuwa limekamilika na mshonaji amefukuzwa kazi. Akaenda moja kwa moja kwa fundi redio wa mtaa wa pili kuomba afundishwe. Fundi akamwambia mikono ya wanawake ina jasho, na umeme hautaki jasho. Shangazi akalitazama shati la yule fundi, lililokuwa limeloa makwapani mpaka kiunoni, akamuuliza, "Sasa wewe umeponaje mpaka leo?" Fundi akacheka, akampa ufagio, na baada ya ufagio akampa chuma cha moto. Hadithi hii nimesimuliwa mara nyingi, na kila mara jasho la fundi linaongezeka.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu kimegawanywa kwa ubao. Upande mmoja Baba ananyoa, upande mwingine Shangazi, ambaye ni dada yake mkubwa, anatengeneza redio, pasi, feni na kila kitu kinachokula umeme. Ubao wenyewe ni mwembamba. Umbea wa kinyozi unasikika kwa fundi, na matusi ya fundi yanasikika kwa kinyozi. Mimi nikitoka shule hukaa upande wa Shangazi, kwa sababu upande wa Baba kuna nywele tu, na nywele hazina maswali mengi. Shangazi mwenyewe amenipa jina la Maswali.

Kisa hiki, hata hivyo, kilianzia upande wa Baba, kwenye kiti cha kunyolea, na kilianza na mdomo.

Mdomo ulikuwa wa Chiriku, mwimbaji wa bendi ya ukumbi wa mtaa wetu. Alikuja kunyolewa sharubu, na mdomo wa juu umevimba kama kidole gumba kilichobanwa na mlango.

"Makubwa! Nani kakupiga?" Baba akauliza.

"Ampli."

"Nani?"

"Ampli, kinyozi. Ampli imenipiga."

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakacheka, kisha wakaacha, maana Chiriku hakuwa anacheka. Akaeleza. Jana yake walikuwa mazoezini. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imetoka kupigwa deki, bado mbichi. Yeye alivua viatu, vipya, vinambana. Akashika maiki, akaisogeza mdomoni kama kawaida yake, na kawaida yake ni kwamba Chiriku haimbi kwenye maiki, anaibusu. Kilichofuata hakukumbuka vizuri. Alijikuta kakaa nyuma ya ngoma, fimbo moja ya mpiga ngoma ikiwa kwenye kola yake.

"Ampli ipi hiyo?" Baba akauliza taratibu.

"Ile ya zamani, ya kukuza sauti. Si ndiyo aliyoitengeneza dada yako juzijuzi?"

Upande wetu wa ubao, Shangazi akazima redio aliyokuwa anaijaribu. Nikamtazama. Alikuwa kakunja uso kama mtu anayepiga hesabu ya kutoa na jibu linatoka kubwa kuliko alichoanza nacho.

"Niliijaribu," akasema kwa sauti ndogo. "Ilipiga vizuri."

Baada ya hapo maneno yalitembea kuliko miguu. Mwenyekiti wa ukumbi alikuja mwenyewe, akasimama kwenye mlango wa kinyozi ili fundi asikie, akatangaza kwamba ampli ile imeshatupwa uani, itauzwa chuma chakavu, na kwamba kuanzia siku hiyo Mama Risasi haruhusiwi kugusa hata balbu ya ukumbi. Mwenye feni akaja kuchukua feni yake ikiwa bado imefunguliwa tumbo. Mwenye pasi akaja. Mama mmoja alikuja kuchukua saa ya ukutani inayotumia betri ndogo, eti na yeye anaogopa.

"Hiyo hata ukiila haitakufanya kitu," Shangazi akamwambia.

"Najua, mama. Ila watoto, unajua."

Jioni ile Baba akaja upande wetu, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Alikuwa na taulo begani na alikuwa anaikunja na kuikunjua.

"Dada, sisemi hujui kazi."

"Basi ungeishia hapo hapo."

"Nasema kuna siku utaua mtu. Chiriku amepona kwa bahati. Mtu akifa, hawatasema ameuawa na umeme. Watasema ameuawa na nyumba hii." Akaikunja taulo tena. "Jumapili nautoa ubao. Nitaweka kiti cha pili cha kunyolea."

"Jumapili ipi?"

"Hii inayokuja."

"Una haraka. Hata mgonjwa hupewa nafasi ya kukohoa."

"Chumba ni changu, dada."

"Chumba ni chako, kazi ni yangu," Shangazi akasema. "Wewe toa ubao wako. Nitakaa hapa hapa na meza yangu, wateja wako wawe wananyolewa huku wananusa risasi."

Alisema hivyo kwa kiburi, lakini Baba alipoondoka nilimwona anazipanga bisibisi zake kwa urefu, kutoka ndefu mpaka fupi, kisha anazivuruga na kuzipanga tena. Kazi ile ndiyo maisha yake. Hana mume, hana shamba, hana kingine cha kuitwa kwa jina. Ubao ukiondoka, Mama Risasi anaondoka nao, anabaki dada wa kinyozi.

Kesho yake niliporudi shule nilimkuta mlangoni na mkokoteni wa kuazima.

"Vua begi, Maswali. Twende ukumbini."

"Si wamekukataza?"

"Wamenikataza kugusa vitu vya ukumbi. Chuma chakavu si kitu cha ukumbi, ni taka. Taka nayo ina mwenyewe?"

Tukapita mbele ya mlango wa Baba mchana kweupe, gurudumu la mkokoteni likilia kama kuku anayekamatwa. Baba alikuwa na wembe shingoni mwa mteja. Hakusema kitu, maana mwenye wembe hafokei mtu.

Ampli ilikuwa uani kwa ukumbi, imeegeshwa karibu na viti vilivyovunjika. Ni kubwa kuliko nilivyodhani, na ni ya zamani kuliko Baba. Mwili wake ni wa bati zito la kijivu, vidude vyake vya kuzungusha ni vinene kama vifuniko vya chupa, na ndani, kupitia matundu ya juu, unaona taa za kioo ambazo zikiwaka huwa na rangi ya kaa la moto. Bendi wana mashine nyingine ndogo, mpya, lakini wao wenyewe husema hiyo mpya inatoa sauti ya mtu anayesoma kwa kulazimishwa, na ya zamani inatoa sauti ya mtu aliyekula akashiba.

Tulipoanza kuinyanyua, akatokea mlinzi wa ukumbi, mzee mwenye pete ya funguo kubwa kiunoni. Mtaa mzima unamwita Mzee wa Funguo. Ndiye aliyeileta ampli kwa Shangazi mara ya kwanza.

"Weka chini!" akapiga kelele. "Mama Risasi, utanifukuzisha kazi! Na kwanza, mimi nilikwambia. Nilikwambia kwa mdomo wangu huu!"

"Uliniambia nini wewe mzee? Uliniambia ina tatizo, nikaliondoa tatizo."

"Nilikwambia: ukiigusa, inapiga!"

"Ndiyo! Nikaigusa, ikapiga. Nikaigonga kwa mpini, ikakata, nikaigonga tena, ikapiga. Nikajua kuna maungio yamelegea ndani. Nikaichoma risasi upya yote, ikawa inapiga bila kuguswa. Sasa ulitaka nini zaidi?"

Mzee wa Funguo akamtazama mdomo wazi. Funguo zikaacha kulia.

"Mama," akasema polepole, kama anayeongea na mtu mgonjwa. "Si kupiga muziki. Kupiga *kupiga*." Akajichapa kofi mkononi. "Kupiga hivi! Ukiigusa, inakupiga! Muziki ilikuwa inapiga vizuri siku zote. Nani alikwambia haipigi muziki?"

Mimi nilikuwa nashika upande mmoja wa ampli na ghafla niliuachia.

Shangazi akakaa kwenye kiti kimojawapo kilichovunjika. Nikadhani anazimia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi, akipiga paja, na kila akijaribu kuacha anasema "ukiigusa inapiga" na kuanza upya. Mzee wa Funguo akajaribu kukasirika, akashindwa, akacheka naye. Halafu Shangazi akakatiza kicheko kama mtu anayezima swichi.

"Mzee, siku ile nilikuuliza swali lolote?"

"Hukuuliza. Ulisema, 'Ahaa, nimeshaijua.'"

"Basi." Akasimama, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Shika upande ule. Inakwenda kwangu."

"Na Mwenyekiti?"

"Mwambie taka imekuja kuchukuliwa."

Njiani nikamwambia, "Shangazi, kumbe si kosa lako. Mzee hakusema vizuri. Waambie."

Akasimamisha mkokoteni katikati ya barabara. Mtu wa baiskeli akatukwepa na kututukana.

"Sikiliza, Maswali. Yule mzee alisema anachokijua kwa maneno aliyonayo. Mwenye kujua kwamba neno lina matumbo mawili ni mimi, fundi. Nilisikia ugonjwa ninaoupenda, nikautibu huo. Nikimtupia mzee wa watu, nitakuwa nimetengeneza nini? Kosa la sikio ni langu, nitalibeba. Lakini kuambiwa sijui kazi, hapana. Hilo sibebi, wanipe mchana wanipe usiku."

Mchana ule ule akaifungua. Kabla ya kuingiza mkono, ingawa plagi ilikuwa imelala mezani haijachomekwa popote, alichukua waya wenye ncha mbili akagusisha hapa na pale ndani. Ikatoka cheche ndogo, *tak*.

"Umeme umetoka wapi?" nikashtuka. "Si imezimwa?"

"Umo ndani, umelala. Umeme wa mashine hizi unalala kama paka. Humwoni mpaka umkanyage mkia."

Akairudisha kwenye umeme, akachukua mita yake, kile kisanduku chenye mshale, akashika waya mmoja kwenye bati la ampli na mwingine kwenye bomba la maji linalopita ukutani. Mshale ukaruka mpaka mwisho wa kioo. Akatikisa kichwa. Kisha akachomoa plagi, ile ya kizamani yenye meno mawili tu, akaigeuza, la kushoto likawa la kulia, akachomeka tena. Mshale ukalala.

"Umeona mnafiki huyu? Ukiichomeka hivi, mpole. Ukiichomeka vile, inapiga. Na meno mawili hayana kulia wala kushoto, kila mtu anachomeka anavyojisikia."

"Mbona wewe haikukupiga siku ile?"

Akanionyesha chini. Chini ya meza yake kuna mkeka wa mpira uliotoka kwenye gari bovu, na miguuni alikuwa na kandambili zake za siku zote. "Umeme hauna kazi na mtu asiyeshika ardhi. Chiriku alikuwa peku kwenye sakafu mbichi. Amejichomeka mwenyewe."

Mkosaji alikuwa kidubwana cha rangi ya kahawia, si kikubwa kuliko pipi. Mguu wake mmoja ulikuwa kwenye waya wa moto na mguu mwingine kwenye bati. Shangazi alisema walioiunda mashine walikiweka pale ili kimeze mkoromo, sauti isikorome. Kilipokuwa kijana kilimeza mkoromo na kuuzuia umeme usipite. Sasa kilikuwa mzee, kinavuja kama bomba. Akachomoa plagi, akaukata mguu wake mmoja, akachomeka tena upande ule mkorofi, akapima. Mshale haukusogea. Akageuza. Haukusogea. Akaugusa mwili wa ampli kwa mgongo wa kiganja, hivi tu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Mgongo wa mkono kwa nini?" nikauliza.

"Kiganja kikipigwa kinafumba, kinang'ang'ania. Mgongo unaruka. Usijaribu."

Baba alikuwa kasimama kwenye upenyo wa ubao, sijui tangu lini. Shangazi hakugeuka.

"Kinyozi, umekuja kupima ubao?"

"Hiyo ndiyo ileile?"

"Ndiyo ileile. Jumamosi itapiga dansi."

"Nani amekuruhusu?"

"Nani alinikataza?"

"Ukumbi mzima!"

"Ukumbi una watu wengi. Mimi niko mmoja, najisikia vizuri zaidi."

Baba akarudi kwake. Nikasikia anagonganisha mikasi bila sababu.

Siku zilizobaki Shangazi aliitoa plagi ya meno mawili na waya wake wote, akaweka waya mpya wenye nyuzi tatu na plagi ya meno matatu. Ule uzi wa tatu aliufunga kwenye bati kwa parafujo, akaukaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akanieleza kwamba huo ni waya wa ardhi: umeme ukipotea njia ndani ya mashine, waya huo unaupeleka ardhini ukazikwe, usitafute mwili wa mtu wa kupitia. Shuleni tumesoma habari hiyo ukurasa mzima na sikuelewa. Neno *ukazikwe* ndilo lililonielewesha.

Jumamosi, jua likiwa bado juu, tukaisukuma mpaka ukumbini. Bendi walikuwa jukwaani wanahangaika na ile mashine ndogo, ambayo ukiiongezea sauti inachanika kama kitambaa. Mwenyekiti alitoka mbio kutuzuia mlangoni. Shangazi akampita pembeni.

"Nimekuja kusema na watu wa bendi, si kugusa balbu yako."

Akasimama chini ya jukwaa na kusema wazi, bila kuinamisha shingo: "Mzee wa Funguo aliniambia ukiigusa inapiga. Nikaelewa inapiga muziki, kumbe inapiga watu. Sikuuliza. Hilo langu. Chiriku, mdomo wako nadaiwa mimi, pole sana. Lakini ugonjwa wake nimeuona kwa macho na nimeutoa, na asiyeamini aje apime. Mita hii hapa."

Mpiga gitaa ndiye aliyecheka wa kwanza. Neno likazunguka jukwaa, "inapiga, kumbe inapiga!", mpaka mpiga ngoma akaliwekea mdundo. Chiriku alishika mdomo wake, akajitahidi kubaki na hasira, akasema, "Mama Risasi, Mungu anakuona." Lakini ampli walikuwa wanaitaka. Nilivyoona macho ya mpiga gitaa nilijua. Hata Mwenyekiti aliona, maana watu wa dansi wangeanza kuingia muda si mrefu na ile mashine ndogo isingewafikisha popote.

"Haya, haya," akasema. "Chomeka tujaribu. Ikipiga vizuri yameisha. Nitamwambia na kinyozi mwenyewe yameisha."

Hapo nikavuta pumzi. Yameisha! Ubao umebaki! Kilichotakiwa ni kuchomeka tu.

Shangazi akachukua plagi, akainama kwenye soketi ya jukwaani, akatulia. Akainama zaidi. Kwenye tundu la tatu la soketi, lile la juu, kulikuwa na kijiti kilichokatikia humo. Wote tunajua kijiti hicho: plagi ya meno mawili haiingii mpaka ulichokonoe tundu la juu, na kila nyumba ina kalamu au kijiti cha kazi hiyo. Akamwita Mzee wa Funguo akazime swichi kuu. Akafungua kifuniko cha soketi kwa bisibisi. Nyuma yake waya wa ardhi ulikuwa umekatwa, ncha yake imeelekea ukutani na imepakwa rangi ileile ya ukuta, safi kabisa, kama mtu aliyezikwa na suti.

"Hii haichomekwi," Shangazi akasema.

"Unasemaje?" Mwenyekiti akauliza.

"Tundu la tatu ni pambo. Ukumbi wako hauna ardhi."

"Lakini si umesema ampli imepona?"

"Leo imepona. Ni mzee huyu. Kesho kitakufa kitu kingine ndani yake, umeme utatoka kutafuta njia, na njia iliyopo ni Chiriku. Lete fundi umeme wa majumba aunge waya huu mpaka ardhini. Kisha tutapiga dansi."

"Baada ya dansi."

"Kabla."

"Mama, watu wako njiani!"

"Wakija watanikuta."

Na akakaa. Alikaa juu ya ampli yenyewe, katikati ya jukwaa, magoti pamoja, bisibisi mkononi kama mtu aliyeshika mwavuli. Mwenyekiti akapiga kelele, akabembeleza, akapiga kelele tena. Mpiga gitaa akasema, kwa upole, "Mama, wimbo mmoja tu." Shangazi akamwambia, "Mwanangu, hata kifo kinataka wimbo mmoja tu." Nilitaka kumvuta kanga. Nilitaka kumwambia, Shangazi, ndiyo Jumapili kesho, chomeka, usipoichomeka umeupoteza ubao. Alikuwa anajua. Macho yake yaliniambia nisithubutu.

Mwenyekiti akamtuma mtu kwa Baba.

Baba alikuja na aproni yake ya kazi, nywele za watu zimemganda mikononi. Nadhani alikimbia.

"Kinyozi, mtoe dada yako," Mwenyekiti akasema. "Anatuharibia shughuli. Si ulisema unamfungia kazi? Mfungie sasa."

Baba akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Baba. Wana nyusi zilezile, na zote nne zilikuwa zimekunjwa.

"Amefanya nini?"

"Hataki tuwashe! Eti mpaka waya uungwe."

Baba akapanda jukwaani, akachuchumaa kwenye soketi, akachungulia muda mrefu. Akaigusa ile ncha iliyopakwa rangi kwa kucha. "Huu ndio unaozuia mtu asipigwe?"

"Ndio huo," Shangazi akasema.

"Na kwetu nyumbani je?"

"Kwetu upo. Niliuzika mwenyewe nyuma ya jiko, ulipoleta mashine yako ya kunyolea ya umeme. Uligomba nimechimba shimo uani."

Baba akabaki amechuchumaa palepale. Nikamwona anaitazama mikono yake, ile inayoshika mashine ya chuma kutwa nzima, miguu ikiwa kwenye sakafu iliyomwagika maji ya kunyolea.

"Mwenyekiti," akasema akiinuka. "Mimi nilitaka kumfungia kazi kwa sababu naogopa ataua mtu. Sasa unaniita nimwondoe kwa sababu amekataa kuua mtu. Nishike lipi?"

"Kinyozi, usinigeuzie maneno."

"Simtoi. Na wewe ukimtoa, utafute wa kukunyoa. Kichwa chako chenyewe kina kona nyingi, sijui nani atakiweza." Akamgeukia Shangazi. "Ubao sitoi."

"Sikukuomba."

"Najua hukuniomba! Nakwambia tu. Lakini ile redio yako upunguze sauti nikiwa na wembe mkononi."

"Sipunguzi."

Fundi wa majumba aliletwa. Alikuja akinung'unika kwamba Jumamosi si siku ya kazi, akapigilia chuma kirefu ardhini nje ya ukuta, akavuta waya, akakichomoa kile kijiti, akafunga. Watu wa dansi walikwishaanza kuingia, wamevaa, wanauliza kwa nini kuna mama amekaa juu ya mashine, na Mzee wa Funguo anawaeleza habari ya kupiga na kupiga, akijichapa mkono kila mara kwa mfano. Fundi aliposema tayari, Shangazi hakuamini mdomo wake. Alipima soketi mwenyewe, akapima nyingine mbili ambazo hakuna aliyemwomba apime. Ndipo akachomeka.

Zile taa za ndani ziliwaka polepole. Sijawahi kuona kitu kinachukua muda wake namna ile mbele ya watu wengi wanaosubiri. Mpiga gitaa akagusa uzi mmoja, na sauti ikajaa ukumbi mpaka kwenye kifua changu, nene, ya shibe.

Chiriku hakusogea. "Nitavaa viatu," akasema.

"Vaa."

"Na wewe uishike maiki kwanza."

Shangazi akavua kandambili. Akasimama peku kwenye sakafu, akaipokea maiki kwa mkono mmoja, mkono wa pili akauweka juu ya bati la ampli, akasema ndani yake, sauti ikatoka kwenye spika zote kubwa kama ya mtangazaji: "Mwenye feni, mwenye pasi, na yule mama wa saa ya betri. Jumatatu nafungua asubuhi. Mje na heshima."

Akamrudishia Chiriku maiki, akavaa kandambili, akashuka. Chiriku aliimba wimbo wa kwanza akiwa ameishikilia maiki mbali na mdomo, mkono umenyooka, kama mtu aliyebeba samaki aliyeoza, na bado tulimsikia mpaka barabarani. Baba alibaki ndani kucheza. Shangazi hakungoja wimbo uishe. Alisema ana redio ya askari mezani, na ameahidi kuimaliza leo.